Pua ya Torkel

Alhamisi saa moja asubuhi ni zamu yangu.
Jina lipo ubaoni, korido ya chini ya ardhi:
R. Hallqvist, ghorofa ya tatu.
Nashuka na kapu.

Ndani ya kapu, machela tatu
nilizoshona kwa blanketi kuukuu la sofa,
matandiko sita, na kile kipande cha taulo
ambacho Holger hukikojolea kuliko vyote,
kwa kuwa ni mzee, na kwa kuwa ni chake.

Panya wengi hawachimbi shimo, husema watu.
Wangu ni wanne tu, na shimo hawalitaki.
Wanataka kubembea karibu na kipasha joto,
mikia ikining'inia ukingoni
kama kamba za viatu zisizofungwa.

Kwanza kukung'uta, uani, juu ya theluji:
vinyesi, maganda ya alizeti, nywele.
Nywele zikibaki, mashine hukohoa wiki nzima.
Kisha maji baridi. Baridi!
Ya moto huupika mkojo ukashikamana na uzi,
na ukishashikamana hautoki hata kwa maombi.
Siki kikombe kizima, ndoo ilale usiku kucha.
Magadi siku nyingine:
wawili hao wakikutana hupiga povu, hushangilia,
na hakuna anayefanya kazi.
Sabuni isiyo na manukato. Nyuzi sitini.
Dawa ya kulainisha nguo, hapana.
Hiyo huufunika uvundo, haiufukuzi,
na pafu la panya ni dogo kuliko kunde.

Hayo nayajua.
Nisilolijua ni kama yamefaa.
Tangu homa ya Februari pua yangu ni pambo.
Kahawa ni maji ya moto. Limau ni ukali usio na jina.
Nazamisha uso mzima kwenye machela iliyofuliwa
na sipati kitu,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba aliyokuwa akiishi.

Halafu ile karatasi mlangoni mwa mashine:
ALIYEFUA KABLA YANGU, MASHINE INANUKA ZIZI.
TORKEL, GHOROFA YA KWANZA.
Neno zizi limepigiwa mstari mara mbili.
Nilinuna siku nne.
Siku ya tano nikawaza: huyu ana pua.

Alifungua akiwa na soksi zisizofanana,
redio nyuma yake ikisoma hali ya bahari.
Nikamnyoshea machela. Nusa, nikasema.
Nini?
Yangu imekufa. Ninusie.

Redio ilifika visiwa vya kaskazini.
Kisha akainama, polepole,
kama anayesoma maandishi madogo ya mkataba.
Pembe hii bado, akasema. Siki kidogo.
Na chini ya siki, yupo yeye mwenyewe.
Nani?
Huyo mnyama wako. Kama zabibu kavu.
Au mkate uliosahauliwa mfukoni mwa koti.

Nikakaa kwenye ngazi, kapu mapajani.
Miezi yote hiyo watu walinipa pole ya kahawa,
pole ya waridi, pole ya mkate wa iliki.
Hakuna aliyenipa pole ya kisogo cha Holger.

Sasa kipande kimoja sikifui kamwe, kwa zamu.
Ukifua vyote, wanarudi kwenye nyumba ya wageni
na kukojolea kila kona upya, kwa haraka,
kama watu waliopoteza vitambulisho.
Hicho kimoja Torkel hakigusi.
Hukipita huku amekunja uso,
hunusa vingine vyote,
huniachia karatasi mlangoni mwa mashine,
herufi kubwa vilevile, kalamu ileile:
YA BLUU SAFI. YA MISTARI, PEMBE YA KUSHOTO, RUDIA.
MZEE ANAENDELEAJE?